Msimpe Anselm Moto

Goweko,
11 Agosti 1974

Dada Bertila,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Naomba barua hii ikukute na afya, wewe na shemeji Eustace, na kile kifua chake kiwe kimepata nafuu. Nasikia vumbi la karakana ya reli halimsaidii. Sisi huku tunapumua. Alois ameota meno mawili na anauma kila anayemkaribia. Apolinaria hajambo, ila siku hizi hataki kwenda popote na baba yake. Ni utoto tu.

Utakuwa umesikia kwamba tumehamishwa. Viongozi walikuja na lori, kila kaya ikapewa kiwanja katika mistari iliyonyooka, kando ya ile barabara ya kale ya wapagazi. Kule tulikotoka tumeacha mihogo ikiwa bado ardhini. Wengine walilia. Mdogo wako Anselm hakulia. Siku ile ile alianza kukanyaga udongo wa matofali akiimba, na kabla ya wenzake hawajachimba hata msingi, kuta zetu zilikuwa zimesimama. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Masolwa, alileta watu waje kutazama. Akasema, "Huyu ndiye mjenga nchi."

Sasa ni Agosti, dada, na kuta bado hazina paa. Alipofika kwenye kukata miti ya paa, alimwona bibi mmoja jirani hana kisima, akaenda kumchimbia. Kisima kilipokaribia maji aliona mkokoteni mbovu wa kijiji, akaanza kuutengeneza. Magurudumu ya mkokoteni yako mlangoni kwangu. Kisima kiko wazi, nimekifunika kwa miiba ili watoto wasitumbukie. Tunalala chini ya turubai la kuazima.

Nakuuliza kwa heshima, kwa kuwa wewe ndiwe uliyemlea: Anselm alikuwa hivi tangu utoto? Si mvivu, hilo namtetea mbele ya yeyote. Halewi. Hanipigi. Lakini nikimtuma chumvi anarudi na kuku. Nikimwambia jambo ananitazama usoni, anaitikia, na neno langu halijaingia. Mama yangu anasema karogwa. Sitaki kuamini hayo.

Nisalimie wote wa Kaliua.

Mimi wifi yako,
Tekla

•

Kaliua,
15 Septemba 1974

Wifi yangu Tekla,

Milele amina. Marahaba. Barua yako nimeipata kwa mkono wa gadi wa treni. Eustace bado anakohoa lakini anakwenda kazini. Huku mvua za mwaka jana zilitudanganya, na sasa tunakula unga wa njano wa msaada, ule watu wanaouita yanga. Watoto wanaukataa, kisha njaa inawafundisha.

Nimekusoma na sikufurahi. Mdogo wangu hakurogwa, na mwambie mama yako asilitie neno hilo masikioni mwa watu. Anselm ana moyo mwepesi, anaona shida ya mwenzake kabla ya yake. Wanawake wangapi hapa Kaliua wangeshukuru kupata mume wa namna hiyo! Wa kwangu mimi huwezi kumwondoa kitini kumchimbia mtu hata shimo la takataka.

Mwanamume hukumbushwa kwa upole. Unamkumbusha kwa upole, au unamkumbusha mbele ya majirani? Mpe chakula kwa wakati, zungumza naye akiwa ameshiba, sali naye rozari jioni. Paa litapatikana.

Kuhusu utoto wake, sioni utakusaidia nini. Alikuwa mtoto kama watoto. Baba yetu naye alikuwa mtu wa watu, kila alikopita walimpenda.

Ila mimi nami nina swali. Kwa nini Apolinaria hataki kwenda na baba yake? Msichana wa miaka sita hamkatai baba hivi hivi. Usiniandikie nusu ya habari.

Ni mimi,
Bertila

•

Goweko,
20 Oktoba 1974

Dada Bertila,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Nafurahi kusikia shemeji anakwenda kazini. Paa tumelipata. Kaka zangu walikuja wakalimaliza Jumapili moja, na Anselm aliwapikia na kuwachekesha tangu asubuhi, hata wakasahau kwamba kazi ilikuwa yake. Mimi sikusahau.

Umetaka habari nzima. Nilikuwa nimeamua nisiiandike.

Mwezi wa Mei, kabla ya kuhama, Apolinaria aliumwa sikio. Anselm alimpeleka hospitali Tabora. Walitibiwa vizuri, wakapanda treni kurudi, na mtoto akalala kwenye benchi kwa sababu ya dawa. Humo ndani mdogo wako alikutana na mzee mmoja mfuga nyuki. Wakazungumza mizinga ya mbao, namna ya kuipanga, namna ya kuita kundi. Treni iliposimama Goweko, yule mzee alishuka, na Anselm akambebea mzigo wake, bado wakizungumza.

Alifika nyumbani jioni akikimbia, ana kipande cha nta mkononi. "Tekla, tutafuga nyuki!"

Nilitazama nyuma yake. Nikadhani mtoto amebaki kwa jirani anacheza.

"Apolinaria yuko wapi?"

Dada, sijui niandike vipi uso wake. Nta ilianguka, akageuka, akakimbia.

Mkuu wa stesheni alipiga simu kwenye stesheni za mbele, na mtoto wakamshusha Itigi, analia, hajui jina la kijiji chetu, anajua tu kusema "kwa mama". Anselm hakungoja treni ya abiria. Aliwasihi watu wa treni ya mizigo mpaka wakampandisha. Alirudi amembeba mgongoni, miguu yake imevimba, na alipomweka chini alikaa kwenye vumbi akalia kama aliyefiwa.

Usifikiri hampendi. Anampenda kuliko roho yake, na hilo ndilo linalonichosha. Angekuwa hampendi, ningejua la kufanya.

Tangu siku ile mimi si mke, ni mlinzi. Nakumbuka dawa, nakumbuka mbegu, nakumbuka zamu yake ya kazi za kijiji, nakumbuka kwamba amebandika maji jikoni na ameondoka. Nikisema, mimi ni mke mkali. Nikinyamaza, hakuna kinachofanyika. Majirani wanamwita "Ndugu Furaha". Mimi sijui wananiitaje.

Sasa sikiliza hofu yangu. Kijiji kimelima tumbaku ya pamoja, ekari nyingi, na mabani, zile nyumba za kukaushia majani kwa moto, yanajengwa. Moto wa bani unakaa siku nyingi bila kuachwa. Ukipungua majani yanaoza, ukizidi mabomba ya joto yanakuwa mekundu, na jani moja likiangukia bomba, nyumba nzima inawaka. Ndugu Masolwa ametangaza kwamba Anselm, kwa bidii yake, atakuwa mmoja wa walinzi wa moto.

Nilimwambia Anselm, "Kataa." Akasema, "Nikatae niseme nini? Kwamba siwezi kukaa mbele ya moto?" Kisha akanishika mkono: "Tekla, nakuomba, usinivue nguo mbele ya watu."

Nimwendee mwenyekiti kimya kimya, au ninyamaze? Nijibu upesi. Nitafanya utakalosema.

Tekla

•

Kaliua,
29 Desemba 1974

Wifi Tekla,

Noeli imepita na hatukutumiana hata salamu, nisamehe. Eustace alilazwa, amerudi akiwa mifupa. Barua yako ilinikuta hospitali nikaikunja, kisha nikaikunjua mara nyingi bila kuwa na moyo wa kujibu.

Habari ya treni imenikata maini. Mlete Apolinaria hapa akae nami kidogo, kama utataka.

Lakini kwa mwenyekiti usiende. Nakwambia kama ningemwambia binti yangu. Mwanamume ukishamvua nguo uwanjani, hakuna shuka utakayomvika tena. Kesho watoto watamzomea njiani. Watasema mke wake ndiye mume. Na akishaaibika ataondoka, Tekla. Mimi najua mtu akiaibika huenda wapi.

Walinzi wa moto ni zaidi ya mmoja, sivyo? Mwenzake atamwamsha, atamkumbusha. Wewe mpelekee chakula huko huko, umchungulie. Hii itakuwa siri ya ndani.

Umesema utafanya nitakalosema. Basi nimesema.

Bertila

•

Kaliua,
24 Machi 1975

Tekla,

Nimetuma salamu kwa magadi wawili wa treni na hujajibu. Jana mmoja amesema bani limeungua Goweko na kuna mtu amewekwa ndani. Hakujua jina.

Eustace anapata nafuu. Sina habari nyingine. Niandikie hata mstari mmoja. Kama ni yeye, niambie ni yeye.

Bertila

•

Goweko,
13 Aprili 1975

Dada Bertila,

Shikamoo. Watoto ni wazima.

Ni yeye.

Sikukujibu kwa sababu kila nilipoandika "Dada Bertila", mkono ulitaka kuandika maneno ya kukutukana. Nilingoja upoe.

Nilifanya ulivyosema. Sikwenda kwa mwenyekiti. Nilipeleka chakula banini asubuhi na jioni, nikamchungulia. Na ajabu, dada, mwanzo alikaa. Alikuwa na mzee Ngollo, wakapokezana, na Anselm aliulisha ule moto kama anavyolishwa mgonjwa. Nilianza kuona aibu kwa hofu zangu. Nikamwambia, "Unaona? Unaweza." Akacheka. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

Siku iliyofuata, mchana, aliona mlango wa bani haufungi vizuri na joto linatoroka. Alikuwa na haki, ulikuwa haufungi. Akapakia magogo makubwa ili moto umngoje, akamwambia Ngollo, "Narudi sasa hivi," akaenda kwa Marko fundi seremala kutafuta ubao. Marko alikuwa anahangaika na gurudumu. Anselm akainama kumshikia. Basi. Gurudumu likatengenezwa vizuri sana, ubao ukasahauliwa, na bani likasahauliwa.

Magogo yaliwaka kupita kiasi. Mzee Ngollo aliona bomba limegeuka jekundu, akaingia kuondoa fito zilizotundikwa majani karibu na bomba, na fito zikamwangukia. Mimi nilikuwa njiani na sufuria ya mboga nilipoona moshi. Anselm alinipita akikimbia kutoka kwa Marko. Watu wote walikuwa wamesimama wanapiga kelele, wengine wanakimbilia ndoo. Yeye hakusimama. Aliingia kwenye mlango ule ule usiofungika, akamtoa Ngollo kwa kumburuta, akarudi kuvuta mabomba ili bani la pili, lililokuwa kando yake, lisishike moto. Alitoa amri na watu wakamtii. Bani la pili lilipona. Mikono yake haikupona.

Mgambo walimchukua kabla sijamaliza kumfunga vitambaa. Walikuwa na neno moja: hujuma.

Mkutano ulikuwa mbele ya ghala la kijiji, saa nne asubuhi, na alikuwepo bwana mmoja kutoka wilayani. Ndugu Masolwa, yule aliyemwita mjenga nchi, alimuuliza:

"Ulikuwa wapi?"

Marko akajibu kwa niaba yake: "Alikuwa kwangu, ananisaidia gurudumu."

"Mtu mzima mwenye akili anaacha jasho la kijiji kizima liungue, akashike gurudumu?" Masolwa aliwageukia watu. "Nani anaamini hilo?"

Hakuna aliyeamini. Hata mimi ningekuwa mgeni nisingeamini.

"Ndugu Anselm, nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Basi kwa nini?"

Nikaona anatafuta la kusema. Kisha akasema, "Andikeni kwamba nililewa."

Dada, mdogo wako hajaonja pombe tangu tuoane. Nilimwelewa mara moja. Mlevi huonewa huruma, msahaulifu huchekwa. Alikuwa tayari kufungwa kama mlevi kuliko kubaki huru kama mtu asiye na akili.

Lakini bwana wa wilayani akainua kichwa. "Ulilewa. Vizuri. Nani alikununulia hiyo pombe?" Na macho ya watu yakaanza kutembea, yakamfikia mzee mmoja aliyekuwa na duka kabla ya kuhamishwa, anayelalamika sana. Nikaona jinsi uongo mdogo unavyotafuta mtu wa kumla.

Nikasimama. Anselm aliniona nasimama, akatikisa kichwa, hivi, polepole. Nikasema hata hivyo.

Nilisema yote. Nilisema kuhusu chumvi na kuku. Wakacheka. Nilisema juu ya paa, na nani hasa alilimaliza. Wakacheka zaidi. Nilisema namkumbusha kula. Nikasema kuhusu Apolinaria na treni, na hapo kicheko kikakatika. Nikasema, "Mume wangu hakutumwa wala hakulewa. Alisahau. Kichwa chake kinashika jambo lililo mbele yake na kuachia la nyuma, na hawezi kuchagua. Mimi nilijua hivyo kabla hamjampa moto, na nilinyamaza. Kama mnatafuta aliyejua, ni mimi."

Mzee Ngollo, kichwa kimefungwa, akasema kutoka alipolala, "Aliyenitoa ndani ni yeye. Andikeni na hilo."

Hakupelekwa wilayani. Atajenga bani jipya kwa mikono yake, na nyumba yetu haina mgawo wa tumbaku mwaka huu. Mwenyekiti akamwambia mbele ya watu wote, "Nenda nyumbani, mkeo atakukumbusha njia." Hapo walicheka wote, hata wasiokuwa na nia mbaya.

Tangu pale hakunisemesha. Hakugombana. Alikuwa anapita kando yangu kama mtu anayepita kando ya kisima. Jumatatu ya Pasaka aliondoka na shuka moja. Vidonda vya mikono vilikuwa bado vibichi.

Yuko kwako?

Usinijibu kama atarudi au hatarudi. Niambie tu kama yu hai, na kama anafungwa vidonda.

Tekla

•

Kaliua,
18 Mei 1975

Wifi yangu,

Yu hai. Yuko hapa tangu wiki ile ya Pasaka. Alinikataza kukuandikia na nikamtii, nikaona ni kumlinda. Vidonda vimefunga, ila vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunjiki.

Nimekaa naye mwezi na ushei, Tekla, na nimeona. Nilikuwa nimesahau. Wiki ya kwanza aliwafurahisha wote. Eustace alicheka hadi akakohoa. Ya pili alifumua jiko langu ili alijenge upya livute vizuri, na hadi leo napikia nje kwenye mafiga. Juzi nilimwachia uji wa mgonjwa autazame. Nilirudi nikakuta sufuria imekuwa mkaa, na yeye yuko kwa jirani amepanda juu ya bati. Nilimpigia kelele, maneno yale yale uliyoniandikia. Nilipojisikia sauti yangu nilikaa chini.

Uliniuliza kama alikuwa hivi tangu utoto. Ndiyo. Mimi ndiye niliyemfungia kamba ya kidole asisahau mbuzi. Mimi ndiye niliyemsindikiza shule kila siku hadi mlangoni, ingawa alijua njia. Nilipoolewa nilimkabidhi kwa mama, mama akamkabidhi kwako, na hakuna aliyekwambia umekabidhiwa nini.

Na baba yetu alikuwa hivyo. Watu wa kwetu wanasema alikufa safarini. Hakufa safarini. Alikwenda Uvinza kununua chumvi ya harusi ya shangazi. Njiani kulikuwa na hili na lile, akachelewa, na harusi ikapita. Akaona aibu kurudi mkono mtupu baada ya harusi. Akakaa kidogo ili aibu ipungue, na aibu haikupungua, ikazaa. Miaka mingi baadaye tulisikia alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, mtu wa watu, anapendwa na wote. Mama hakuwahi kumsema mbele za watu hata mara moja. Alimfunika vizuri, na akabaki amefunika hewa.

Ndiyo maana nilikukataza kwenda kwa mwenyekiti. Nilidhani aibu ya uwanjani ndiyo inayowaondoa. Kumbe hata ile ya siri huondoa.

Jana nilimkalisha. Nikamwambia, "Mkeo anauliza kama uko hai."

Akasema, "Mwambie ndiyo."

"Una hasira naye?"

"Sina hasira." Akatazama mikono yake. "Dada, alisema kweli. Angesema uongo ningekuwa nimesharudi. Watu wote pale walisikia kitu ambacho mimi mwenyewe sikuwahi kukisema. Unafikiri sijui? Nikishika jambo, dunia nyingine inazimika. Nikishtuka nimechelewa, na kila ninaporudi nakuta uso wa Tekla, na usoni mwake yamo yote niliyosahau, hata yale niliyosahau kwamba nimeyasahau."

Nikamwambia, "Na yeye unafikiri anaona nini akikutazama?"

Aliinamia vile vidole visivyokunjika. Lakini hakutoka nje, na hilo kwake si dogo.

Sitakushauri neno. Ushauri wangu umeshaunguza vya kutosha.

Bertila

•

Goweko,
8 Juni 1975

Dada Bertila,

Shikamoo. Alois anatembea. Alianza Jumapili baada ya misa, hatua chache kutoka kwa mama yangu hadi kwangu. Mwambie baba yake, kama utaona inafaa.

Nimesoma habari ya baba yenu nikakaa nayo. Sina ninachoweza kusema juu yake, ila asante kwa kuiandika.

Nitakwambia jambo ambalo sijamwambia hata padri. Anselm alipoondoka nilimlilia, kisha nikalala. Nililala vizuri. Jembe nililoweka nyuma ya mlango nililikuta nyuma ya mlango. Hakuna aliyeacha maji yakichemka hadi yakaisha. Nilitazama nyumba yangu imetulia, na nilipumzika, na nikaona aibu kwamba nimepumzika. Halafu siku moja Apolinaria alisema, "Mama, siku hizi hatucheki." Nikatafuta tumecheka lini. Sikupata.

Kwa hiyo mwambie hivi, na mwambie maneno yangu kama yalivyo, usiyapake mafuta.

Simwiti arudi kwa ajili ya huruma. Akirudi, sitamficha tena, na sitamlinda tena. Nimechoka kuwa kichwa cha watu wawili. Akisahau lake, litamwangukia yeye, nami sitalikimbilia kulidaka, isipokuwa la watoto. Watoto hatawasafirisha peke yake, na sitaki kulijadili. Vilevile sitamkumbusha mara tatu. Nitasema mara moja, kisha atafute njia yake, kamba ya kidole au mkaa ukutani, vyovyote. Na yale maneno niliyoyasema mbele ya ghala sitayafuta. Nilikuwa namtoa kifungoni. Kama yanamuuma, naelewa. Yaliniuma mimi kwanza, miaka mingi.

Bani linamngoja alijenge. Hakuna aliyemshikia kazi hiyo.

Tekla

•

Kaliua,
27 Julai 1975

Wifi,

Nilimsomea yote, sikupaka mafuta. Alitaka nirudie pale pa watoto. Nikarudia. Akasema, "Ana haki."

Ameondoka asubuhi ya leo. Jiko langu hakulimaliza.

Bertila

•

Goweko,
5 Oktoba 1975

Dada Bertila,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Shemeji Eustace tunamwombea katika kila misa. Huku joto limeanza na vitalu vya miche vimeshamwagiliwa. Apolinaria anaanza darasa la kwanza Januari, na ameshaanza kubeba mfuko kila aendako.

Mdogo wako alifika. Mwanzo tuliishi kama wapangaji wawili. Alijenga bani, na usidhani lilikwisha kwa mkupuo: alilianza kwa nguvu, akaliacha, akaenda kuzibua mfereji, na mimi nilipita pale kila siku nikauma ulimi. Ulimi wangu una alama. Ni mzee Ngollo aliyeanza kuja kukaa pale kivulini na kiti chake, hasemi kitu, anasokota kamba tu. Anselm akiona yule mzee amekaa, anarudi kwenye ukuta. Limekwisha juzi, na mlango unafunga.

Tumegombana pia. Wiki iliyopita aliacha mbuzi bila kuwafunga wakala kitalu cha jirani, na sikukimbilia kuomba radhi kwa niaba yake. Alikwenda mwenyewe. Alirudi amenuna, akaniambia nimekuwa jiwe. Nikamjibu nilikuwa jiwe tangu zamani, ila lilikuwa chini ya maji halionekani. Apolinaria akatoka nje. Usifikiri nakuandikia kwamba mambo yamenyooka.

Jana ulikuwa mkutano wa kugawa kazi za msimu. Ndugu Masolwa alikuwa anasoma majina, na watu walikuwa wakinitazama mimi badala ya kumtazama Anselm, wakingoja nitakachosema. Niliinamisha macho. Nilikuwa nimeapa sitasema.

Jina lake lilipokaribia, alisimama.

"Ndugu mwenyekiti, kabla hujanisoma, nina neno."

Masolwa akasema, "Sema."

"Mimi msinipe moto. Msinipe kazi ya kukaa na kungoja, siiwezi. Si kwamba sitaki, siiwezi. Nipeni kilichovunjika. Nipeni mgonjwa wa kukimbizwa zahanati. Nipeni kisima, na mtu wa kusimama nami mpaka kiishe. Lakini moto, hata nikiwaomba mwenyewe siku nikiwa na furaha, mkatae."

Kijana mmoja nyuma akacheka. Anselm alingoja amalize kucheka. Nilimwona anavyongoja, dada, jasho linamtoka, mikono ile imekunjwa nyuma, vidole viwili vimesimama. Kisha akasema, "Cheka, ndugu yangu, lakini mwenyekiti aandike."

Na Masolwa akaandika.

Tulirudi nyumbani kwa barabara ya kale. Unajua mwendo wake, huwa yuko mbele daima, anasimama kwa huyu na yule, nami nafuata na watoto kama mzigo uliodondoka. Jana alitembea kwa mwendo wangu. Kwenye mti mmoja kulikuwa na kundi la nyuki limetua, kubwa, linanguruma, nikamwona limemkamata macho, hatua yake imeanza kuchepuka. Nikafunga mdomo wangu. Akasimama. Alitazama nyuki, akanitazama mimi, na nilijua siwezi kumsaidia kuchagua.

"Nenda ukawaone," nikasema mwishowe. "Mimi natangulia. Chakula kikiiva tutakula."

"Nitachelewa," akasema.

"Najua."

Tulikula bila yeye, dada. Chake nilikifunika. Alikuja kimepoa, akakila kimepoa, na hakuna aliyeomba radhi.

Ni mimi wifi yako, niliye naye bado,
Tekla